Bastola imegoma baada ya kusafishwa: kutafuta chanzo kwenye Glock 17

Mwezi haupiti bila mlinzi kuniletea bastola akisema imeharibika, na mara nyingi nikiifungua nakuta haina ubovu wowote. Ilikuwa nzima hadi jioni ile alipokaa mezani kuisafisha. Springi imekaa upande, mafuta yamejaa mahali yasipotakiwa, au kipande cha kitambaa kimesahauliwa ndani ya mtutu. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni hili: ilianza kugoma kabla hujaifungua, au baada?

Natumia Glock 17 kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoishika zaidi, na kwa sababu jeshi la Austria lilipoichukua mwaka 1982 mojawapo ya sifa zake ilikuwa uchache wa sehemu. Kwa usafi wa kawaida unatenganisha vitu vinne tu: slaidi, yaani chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, mtutu, springi ya slaidi pamoja na fito yake, na fremu ya plastiki unayoishika mkononi. Ongeza magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi wa silaha. Na yote haya yanamhusu mwenye silaha kwa leseni, iwe ni chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi, au Sura ya 114 ya sheria za Kenya.

Kabla ya dalili yoyote: ni tupu?

Hapa nitakaa kidogo, maana Glock ina jambo moja ambalo aliyezoea Ceska, bastola ya Kicheki, halijui. Ceska unaitoa slaidi bila kugusa triga. Glock haikubali; lazima uvute triga kwanza ndipo slaidi itoke. Maana yake, kila anayeisafisha anaifyatua akiwa nyumbani kwake au kwenye chumba cha walinzi. Kama imebaki risasi moja ndani, italia.

Kijana mmoja aliketi mbele yangu, akaikoki bastola, yaani akavuta slaidi nyuma na kuiachia, risasi ikaruka sakafuni, kisha akachomoa magazini na kuiweka kando vizuri kabisa. "Afande, iko tupu," akaniambia, kidole kinaelekea kwenye triga. Nikamshika mkono. Tulipoivuta slaidi taratibu, shaba ya risasi ya pili ilikuwa inang'aa ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapolala. Alikuwa amefanya mambo yote mawili yanayotakiwa, ila kwa mpangilio wa kinyume. Ukikoki magazini ikiwa bado ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na haubadiliki hata kama umetoka kuikagua dakika mbili zilizopita:

1. Elekeza mtutu mahali pa salama, kidole kikiwa nje ya triga. Mimi natumia ndoo iliyojaa mchanga.
2. Chomoa magazini.
3. Vuta slaidi hadi mwisho, isukume juu ile wenzo ya upande wa kushoto ili slaidi ibaki nyuma.
4. Tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole cha mwisho uiguse. Macho huona kile yanachotarajia kuona. Kidole hakina matarajio.
5. Tazama na pale magazini inapoingilia.
6. Peleka risasi zote chumba kingine kabla hujaendelea.

Kama hujamaliza hatua hizi, mengine yote yaliyo hapa chini yasubiri.

Slaidi haitoki

Umekagua, umerudisha slaidi mbele, umevuta triga kuelekea ndoo ya mchanga, sasa unavuta vile vijichuma viwili vinavyochomoza juu ya triga, kimoja kila upande, na slaidi haisogei.

Sababu ya kawaida ni kuvuta slaidi nyuma kupita kiasi. Kinachotakiwa ni kiasi cha milimita 3 tu, unene wa sarafu mbili hivi. Ukivuta zaidi, bastola inajikoki upya, triga inarudi mbele, na slaidi inafungwa palepale. Tazama triga: kama imerudi mbele, umevuta mno. Anza tena tangu ukaguzi, vuta triga, kisha safari hii shika kwa vidole vinne juu ya slaidi, kidole gumba kikizunguka nyuma ya mpini, ubane kama unayekamua chungwa. Mkono ukibana hivyo, slaidi hurudi kidogo yenyewe bila kwenda mbali. Mkono wa pili unashusha vijichuma.

Sababu ya pili ni kushusha upande mmoja tu. Vijichuma hivyo ni kipande kimoja cha chuma kilichopita ndani ya fremu, na kikishuka upande mmoja na kuinuka mwingine hakiachii. Vishushe pamoja, kwa kidole gumba na cha shahada.

Usigonge kwa nyundo na usichokonoe kwa bisibisi. Ikishindikana kabisa, kijichuma chenyewe kimeliwa au kimejaa uchafu uliokauka. Hiyo ni ya fundi.

Springi inakuponyoka

Slaidi ikiwa juu ya meza, sukuma springi mbele kidogo kuelekea ncha ya mtutu, ndipo uinyanyue. Anayeinyanyua bila kuisukuma huikuta ukutani, au kwenye jicho. Vaa miwani. Springi ikitoka, mtutu unatoka kwa kuusukuma mbele kidogo, kuunyanyua, kisha kuuvuta nyuma.

Safisha mtutu kutokea upande wa chemba kwenda mdomoni, kwa brashi ya shaba. Brashi ya chuma, msasa na waya viache jikoni kwenye masufuria.

Inarudishwa lakini haikai sawa

Hapa ndipo nakuta makosa mengi kuliko mahali pengine popote. Chini ya mtutu kuna mguu wa chuma, na kwenye mguu huo kuna mkato wenye umbo la nusu mwezi. Kichwa cha fito ya springi lazima kikae ndani ya mkato huo. Kuna mahali pa juu kidogo panapofanana napo, na springi ikiegemea hapo itaonekana imeingia. Utaifunga bastola, utaikoki, na slaidi itakwama nusu ya safari au itakwenda kwa kukwaruza. Dawa ni kuifungua tena na kutazama springi kutoka ubavuni: inatakiwa iende sambamba na mtutu. Ukiona imepinda mfano wa upinde, haiko mahali pake.

Kisha angalia reli. Kwenye fremu kuna vipande vinne vya chuma, viwili mbele na viwili nyuma, na vyote vinne vinatakiwa kuingia kwenye mifereji ya slaidi. Ukiona slaidi imeinuka upande mmoja, usiisukume kwa nguvu. Irudishe, iweke sawa, iteleze. Ikiwa kila kitu kiko mahali pake, inaingia kwa nguvu za mtoto hadi pale springi inapoanza kubanwa.

Kama umenunua springi mpya na haikai kabisa, tazama toleo la bastola yako. Toleo la nne, lililotoka mwaka 2010, lilikuja na springi mbili, moja ndani ya nyingine, na haziingiliani na springi moja ya toleo la tatu. Nimeshaona mtu akijaribu kuilazimisha mpaka plastiki ya fremu ikachubuka. Namba ya toleo imeandikwa ubavuni mwa slaidi kuanzia toleo la nne. Ya tatu na kurudi nyuma haina.

Na kabla ya kuunganisha lolote, inua mtutu mtupu kuelekea dirishani utazame mwanga. Unatakiwa uone duara safi. Kitambaa cha kusafishia kikibaki humo, risasi ya kwanza itakutana nacho, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mkononi mwako. Sijali umechoka kiasi gani, tazama.

Triga imelala nyuma

Baada ya kuunganisha, triga ikiwa nyuma si ugonjwa. Ulivuta triga ili kufungua, na itabaki hivyo hadi ukoki. Koki mara moja, bado bila risasi: triga inatakiwa kuruka mbele. Isiporuka, au ikiwa imelegea kama mlango usio na komeo, weka bastola chini. Huenda springi ya triga imekatika au upau wake, kile kichuma kirefu kinachotoka kwenye triga kwenda nyuma, umehama. Usijaribu kuirekebisha kwa kuangalia picha.

Kama imekuja mbele, endelea na majaribio matatu, mtutu ukiwa bado unaelekea mchangani. Kwanza, bonyeza triga kwa ubavu bila kugusa kile kiulimi cha katikati; haitakiwi kurudi nyuma. Pili, ivute kawaida, usikie mlio wa pini ya kupigia risasi. Tatu, ishikilie nyuma, koki, kisha iachie taratibu mpaka usikie na kuhisi "tik" ndogo na iwe mbele tena. Jaribio likishindwa hata moja, bastola haibebwi kazini siku hiyo.

Slaidi haifungi kabisa

Sasa tuko uwanjani wa kulengea shabaha. Risasi imeingia, lakini slaidi imebaki nyuma kidogo, milimita mbili tatu, na triga haifanyi kitu. Bastola inafanya vizuri kukataa, maana kulipuka ikiwa haijafungwa kungekuumiza.

Chanzo cha kwanza ninachotafuta ni chemba chafu. Watu husugua mtutu mpaka ung'ae na kusahau chemba, sehemu ile ya nyuma ambako risasi inalala. Moshi wa baruti ukigandana hapo, risasi haizami hadi mwisho. Jaribio jepesi: bastola ikiwa imefunguliwa, toa risasi moja safi, idondoshe ndani ya chemba ya mtutu ulio mkononi peke yake. Inatakiwa iingie kwa uzito wake na itoke ukiupindua. Ikiganda, sugua chemba. Hakikisha unafanya hivyo mtutu ukiwa nje ya slaidi, na risasi hiyo uirudishe ilikotoka kabla ya kuunganisha.

Cha pili ni ukavu. Vumbi la Dodoma au la Isiolo likikutana na reli kavu linakuwa msasa. Lakini vumbi hilohilo likikutana na mafuta mengi linakuwa udongo wa mfinyanzi, na hali ni mbaya zaidi. Kiasi sahihi ni kidogo kuliko unavyodhani: tone moja kwenye kila mfereji wa slaidi, kitambaa chenye mafuta kidogo kipite juu ya mtutu kwa nje, na tone moja pale nyuma kulia ndani ya fremu ambapo upau wa triga unagusana na kile kichuma kilichopinda. Basi. Ukiishika bastola na mafuta yakakuchafua shati, umezidisha.

Cha tatu ni springi iliyochoka. Ukaguzi wake hauhitaji kifaa. Bastola ikiwa tupu, vuta triga na uishikilie, elekeza mdomo juu kwa nyuzi 45 kuelekea mahali pa salama, vuta slaidi yote nyuma kisha iachie kidogo kidogo kwa mkono. Slaidi inatakiwa kupanda na kufunga yenyewe. Ikisimama kabla ya kufika, springi imekwisha, badilisha. Springi si ghali ukilinganisha na kile inachokilinda.

Triga imevutwa, "tak", hakuna mlio

Usifungue upesi. Risasi inaweza kuchelewa kulipuka. Mtutu ubaki mbele kwenye shabaha, hesabu hadi 30, ndipo uitoe.

Kisha iokote risasi hiyo uitazame kitako. Katikati kuna fataki, kile kiduara kidogo. Kama pini imeacha shimo la kina na risasi bado haikulipuka, tatizo ni risasi: imezeeka, imelowa, au imepakwa mafuta. Usipake risasi mafuta kamwe, na zenye ukungu wa kijani usizitumie.

Kama alama ni ya juujuu, kama imeguswa kwa ukucha, pini haikupiga kwa nguvu. Na hapa narudi kwenye mafuta. Ndani ya slaidi kuna mfereji inamopita pini ya kupigia, na mfereji huo unatakiwa uwe mkavu. Mwenye nia njema anapuliza mafuta kupitia kila tundu analoliona, mafuta yanaingia humo, yanashika masizi na vumbi, na baada ya wiki chache pini inatembea kama imo ndani ya uji. Bastola moja niliyoifungua mwaka jana, mafuta yalichuruzika kutoka nyuma ya slaidi nilipoisimamisha wima. Mwenyewe alikuwa anaipulizia kila Jumapili kwa miezi. Aliipenda silaha yake, na ndivyo alivyokuwa akiizimisha.

Wakati wa kusafisha uso wa slaidi pale kwenye tundu la pini, elekeza uso huo chini ili maji ya kusafishia yasiingie tunduni, na umalizie kwa kitambaa kikavu. Mfereji ukishalowa, fundi ataufungua na kuukausha.

Mafuta yenyewe yawe ya bunduki. Mafuta ya alizeti au ya karanga hukauka na kuwa gundi. Oili chafu ya gari imejaa vipande vya chuma.

Mlio hafifu

Ukisikia "puf" badala ya mshindo, acha. Usikoki, usivute tena. Inawezekana risasi imelipuka bila baruti ya kutosha na kichwa chake kimekwama katikati ya mtutu. Risasi ya pili ikiifuata ya kwanza, mtutu unapasuka. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, fungua, tazama mwanga kupitia mtutu. Ukikuta giza, mpelekee fundi ukiwa hivyohivyo.

Ganda halitoki, au linasimama mlangoni

Kwenye slaidi kuna ukucha unaoshika ukingo wa ganda, yaani kopo tupu la risasi iliyokwisha kulipuka, na kulivuta. Masizi yakijaa chini ya ukucha huo, unashika nusunusu. Chukua kijiti cha meno, pitisha chini yake, utashangaa kinachotoka. Ukiona ncha yake imemegeka, ni ya kubadilishwa.

Ila kabla hujamlaumu ukucha, mpe bastola mwingine afyatue. Fremu ya plastiki ni nyepesi, na mkono ukilegea kifundoni slaidi haipati ukuta wa kusukumana nao. Inarudi kwa nusu nguvu na ganda linakwama. Nimeona bastola ileile ikikwama mara nne mkononi mwa mmoja na kupiga magazini nzima bila tatizo mkononi mwa jirani yake. Hapo dawa ni mazoezi ya kushika.

Risasi zimeisha, slaidi imefunga

Inatakiwa ibaki nyuma. Mara nyingi ni kidole gumba kinacholalia wenzo ya kushoto bila mwenyewe kujua. Badilisha mkao wa mkono, ujaribu tena. Ikiendelea, jaribu magazini nyingine. Ya pili ikifanya kazi, ya kwanza ina springi iliyochoka au kile kisukumio cha plastiki kimeliwa. Ziwekee magazini zako namba kwa rangi; bila namba hutajua kamwe ni ipi inayokusumbua, na utailaumu bastola bure. Ndani ya magazini hapahitaji mafuta, kitambaa kikavu kinatosha.

Kutu

Nyie wa Mombasa, Tanga na Dar mnajua hewa ya chumvi inavyofanya kwa bati. Slaidi ya Glock ina tabaka gumu linalovumilia sana, lakini springi ya magazini, skrubu na pini ndogo hazina bahati hiyo. Anayeibeba kiunoni na kutoa jasho siku nzima aifute kila jioni, hata kama hajafyatua. Na asiilaze ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hunywa jasho na kulitunza, na asubuhi limekaa juu ya chuma. Ilale kavu, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, risasi mbali nayo.

Unapoipeleka kwa fundi

Awe fundi mwenye kibali cha kutengeneza silaha. Bastola iende tupu, magazini zikiwa nje, na leseni yako mfukoni. Usimwambie tu kwamba imegoma. Mwandikie kwenye karatasi: ilikwama kwenye risasi ya ngapi, magazini namba ngapi, aina gani ya risasi, slaidi ilisimama wapi, na lini uliifungua mara ya mwisho. Ile risasi yenye alama ya juujuu kwenye fataki, iandike nayo na umweleze iko wapi. Fundi ataomba kuiona kabla hata hajashika bisibisi.